Kinyonga Hashikwi kwa Mkono

Antsirabe, 8 Juni 1997

Kwako Mjomba Velonjara,

Shikamoo. Nakuamkia wewe, kisha Mama, kisha mguu wake wa kulia ambao najua haupendi kupitwa na salamu. Huku tu wazima, ukiitoa baridi. Asubuhi majani yanakuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi, na wenye ng'ombe wa maziwa wanawavika magunia. Mume wangu Lanto amepandishwa cheo kiwandani, sasa anaitwa msimamizi na anakoroma kama msimamizi. Mama mkwe Raketaka bado ananiambia watu wa kaskazini tumezoea kulala kutwa. Mimi natarizi vitambaa vya meza kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Sasa niseme kilichonikalisha chini. Meya anaumwa.

Mwaka jana siku ile naondoka uliponipa huyu kinyonga, uliniambia nikimtazama nitaliona jua la Ambilobe popote nilipo. Na kweli nimeliona. Amekaa mwaka mzima kwenye mlimau wangu wa ndani ya chungu, pale dirishani, akikagua kila tawi kabla ya kulikanyaga, kama meya anayekagua soko. Majirani wanampita kwa mbali, wanakunja kidole wasimnyooshee. Nami nilikuwa nikijivuna naye.

Wiki mbili sasa hataki panzi. Anafumba macho mchana kweupe. Rangi zake zote zimeingia giza. Jumatano nilisikia mluzi mwembamba, nikadhani ni birika. Birika halikuwa hata motoni. Nikautafuta mluzi chumba kizima mpaka nikaufikia kwenye mlimau. Meya alikuwa ameinua kichwa juu, kinywa wazi, na kila akivuta pumzi, filimbi. Kiumbe asiye na sauti maisha yake yote leo anasikika, na kinachosikika ni pumzi inayomshinda.

Nimempandisha jikoni juu, karibu na mafiga, apate joto. Usiwe na wasiwasi, nimemhamisha kwa kijiti kama ulivyonifundisha, ngozi yangu haijamgusa.

Miaka ishirini na mbili umewakamata vinyonga na kuwapeleka kwa yule tajiri anayewasafirisha ng'ambo. Lazima umewaona wenye mluzi. Ulikuwa unawafanyia nini mpaka wakapona?

Mpwa wako,
Volazara


Ambilobe, 27 Juni 1997

Kwako Volazara, mke wa watu wa baridi,

Marahaba, marahaba. Mguu wa mama yako umepokea salamu na unasema hautoshelezwi na salamu, unataka dawa ya kuchua. Barua yako imekawia kwa sababu dereva aliyeibeba alilala siku mbili penye daraja lililokatika, kisha akalala siku moja zaidi kwa mwanamke anayeuza kahawa hapo darajani. Miwa inaanza kukatwa. Joto lipo, mirungi ipo, wadeni wangu wapo wanajificha. Jirani yetu aliyekuwa hazai kapata mapacha, sasa analalamika hapati usingizi. Binadamu hana shukrani.

Nimeisoma habari ya Meya mara mbili. Mwanangu, unamuuguza au unambanika? Jikoni juu ya mafiga ndipo watu wa huko wanapokaushia samaki! Huo moshi ndio unaomaliza kifua. Mshushe leo hii. Mweke penye jua la asubuhi, upande usio na upepo, na mchana washa taa ya umeme karibu na tawi la juu, yeye mwenyewe atachagua umbali. Maji mdondoshee kwenye majani akiwa amepata joto, si jioni. Tawi lisimame wima ili kichwa kiwe juu. Ukiona povu kinywani niandikie.

Na la mwiko nakurudia, maana mwenye mgonjwa husahau. Vita vilipompata babu yetu akajificha kichakani, kinyonga alisimama mbele ya uso wake kutwa nzima, asimguse, asiondoke. Maadui wakaona kinyonga na majani, wakapita. Kwa hiyo na sisi hatumgusi. Ndiyo maana mimi natanguliza kijiti, anapanda mwenyewe, anaingia mfukoni mwenyewe. Watu hunicheka kwamba ninaula mkate wa kinyonga bila kumpa mkono. Wacheke. Wewe unajua: wa ukoo wetu aliyemgusa kwa ngozi havuki kizingiti cha mama yake mpaka aoshwe mbele ya wazee, na mimi ndiye msemaji wa wazee siku ya maombi. Usije ukanipa kazi hiyo.

Mama yako anasema Novemba utakuja. Ameshaanza kukutafutia kuku.

Mjomba wako,
Velonjara


Antsirabe, 13 Julai 1997

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Dawa ya kuchua nimempa dereva yuleyule, nikamwambia asiipitishe kwa muuza kahawa. Mama mkwe amekuwa mpole wiki hii, sijui anaumwa wapi. Lanto anakusalimu.

Nimemshusha Meya kutoka kwenye moshi, na nimeona haya kwa ujinga wangu. Nilifikiri joto ni joto. Lakini mluzi haukwisha, na Jumapili iliyopita povu nililiona, jeupe, limekaa pembeni mwa kinywa. Nikamtia kwenye kikapu pamoja na tawi lake, nikaenda kwa Daktari Ralaivao.

Huyu ni daktari wa ng'ombe wa maziwa, mtu mnene mwenye viatu vya mpira. Nilikaa kwenye foleni kati ya mzee mwenye ndama na mama mwenye nguruwe, na nilipofunua kikapu foleni yote ikarudi nyuma, hata nguruwe. Daktari hakucheka. Akachukua kile chombo cha kusikilizia kifua, akakilinganisha, kikawa kikubwa kuliko kifua chenyewe. Akakivua shingoni, akainama, akaweka sikio lake karibu kabisa na mbavu za Meya, akafumba macho. Alipoinuka akasema, "Nimesikiliza madume ya kilo mia sita. Sijawahi kusikia mtu anayetaka kuishi kiasi hiki."

Hakuwa na mizani ndogo, tukavuka barabara kwa muuza vito. Wakampima Meya kwenye mizani ya mawe ya thamani: gramu mia moja na nane. Wanunuzi wote wakaacha mawe yao. Meya alikuwa hoi, lakini jicho moja likamgeukia muuza vito na lingine likamgeukia daktari, polepole, kila moja na safari yake, na yule muuza vito akavua kofia. Nakuambia nilichokiona. Mtu anayeshika mawe ya bei kubwa kila siku alimvulia kofia mnyama wa gramu mia moja na nane.

Dawa ni ya kuku, imepunguzwa kwa maji safi. Tone moja nyuma ya ulimi, siku moja nampa, siku tatu napumzika, mara kumi. Nimeshampa mara mbili.

Mjomba, hukunijibu swali langu. Wale wenye mluzi, ulikuwa unawafanyia nini?

Volazara


Ambilobe, 2 Agosti 1997

Kwako Volazara,

Marahaba. Dawa imefika, chupa haijafunguliwa, dereva nimemsifu. Mama yako anachua mguu na anasema ni moto kama ulimi wa mama mkwe wako. Mvua hakuna. Mimi ni mzima.

Mama yako hujua barua yako imefika kwa kunitazama usoni. Akanitaka nimsomee. Nikamsomea habari ya nguruwe na habari ya kofia, tukacheka. Habari ya tone nyuma ya ulimi nimeiruka.

Kinyonga hafungui kinywa kwa kuombwa. Mgonjwa ndiyo kabisa, anakibana. Nimekamata maelfu, najua taya lake. Unakifunguaje, Volazara? Lanto ndiye anayemshika?

Umeuliza mara mbili. Haya. Mfuko ukifika kwa tajiri, kabla ya vinyonga kuhesabiwa, mtu anatega sikio. Mwenye mluzi anatolewa, maana mmoja mbovu huwaharibu wenzake na tajiri hampokei. Nilikuwa nawaacha kando ya barabara, kwenye mkonge. Sikuwahi kusubiri. Sikuwahi kurudi kuangalia. Hayo niliyokuandikia ya jua na taa na tawi wima nimeyatunga kwa akili, kwa kuwa najua anapenda kukaa wapi akiwa mzima. Mgonjwa simjui. Umemuuliza njia mtu ambaye hajawahi kufika.

Nilikupa mnyama wa joto umpeleke kwenye baridi, na nilijua. Nilitaka tu uondoke na kitu kutoka kwangu.

Nijibu kuhusu kinywa.

Velonjara


Antsirabe, 24 Agosti 1997

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa, na si kosa la dereva. Nimeianza barua hii mara nne. Lanto mzima, mama mkwe mzima, mimi mzima. Vitambaa kumi na viwili vya harusi nimevimaliza.

Lanto simruhusu. Ana mikono ya kiwandani, angemvunja. Daktari alijitolea, lakini anaishi upande wa pili wa mji na ng'ombe wa watu hawangoji. Mara ya kwanza nilijaribu kwa kijiti. Mara ya kwanza hiyo hiyo nikamkosa, tone likamwagika, na Meya akabaki ananitazama kwa jicho moja, lingine limeshindwa kufunguka. Povu likatoka puani. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa dirishani, kila kitu kinaonekana wazi, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba sikuona nilichokuwa nafanya. Niliweka kijiti chini. Nikanyoosha mkono.

Ni mimi. Kwa mkono wangu, kwa ngozi yangu, mara kumi.

Sasa nikuambie, maana wewe utanihukumu na ni haki yako ujue unahukumu nini. Nilitegemea atakuwa baridi na mwenye utelezi, kama tunavyoogopeshwa utotoni. Hakuwa hivyo. Ni mkavu, laini, mfano wa kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Miguu yake ilinizunguka kidole, vidole viwili huku, vitatu kule, ikakaza. Mjomba, alinishika! Nilikuja kumshika yeye, yeye akanishika mimi. Na tumboni mwake nikaisikia pumzi ikihangaika chini ya kidole gumba, ikikwama, ikivutika, ikikwama. Wakati huo sikukumbuka babu wala wazee. Nilikuwa naihesabu tu ile pumzi. Nikabonyeza taratibu pembeni ya taya kwa kucha, kinywa kikafunguka, nikaona ule ulimi wote umejikunja ndani umelala, nikaacha tone.

Mara ya tano alikuwa mweusi tii, hanikazi tena kidole. Nilimshika tangu kifungua kinywa mpaka chakula cha mchana karibu na taa, nikihofu nikimweka chini atakata roho. Mama mkwe akapita. Nilijua atasema kinyonga akifia ndani analeta msiba, maana huku kwao husema hivyo. Akasimama. Akaenda, akarudi na kigoda, akakaa. Tulimtazama wawili mpaka wali ukashika ukoko.

Mara ya saba mluzi ukapungua. Mara ya tisa akafungua macho yote mawili. Jumatatu iliyopita aliona panzi kwenye pazia. Nilikuwa nimemshika kwa tone la kumi. Niliuhisi mwili wake wote ukijikusanya mkononi mwangu kabla sijajua kwa nini, kisha ulimi ukatoka, ukapiga, ukarudi, sikuuona ukienda. Nikakaa chini sakafuni nikalia kama mtoto.

Tangu siku hiyo kila asubuhi anavaa rangi moja zaidi. Juzi kijani. Jana ule mstari wa buluu wa ubavuni. Leo zile nguo nyekundu za Ambilobe, zote.

Basi nimekupa ile kazi uliyoniomba nisikupe. Ningeweza kunyamaza, nije Novemba, nile kuku wa Mama, nani angejua? Lakini siwezi kuvuka kizingiti cha Mama nikijua mimi peke yangu. Sema nifanye nini. Ukisema nisije, sitakuja. Lakini usimruhusu Mama aningoje barabarani bure.

Volazara


Ambilobe, 5 Oktoba 1997

Kwako mwanangu Volazara,

Marahaba. Umengoja wiki sita, najua. Mama yako ni mzima, mguu umepona, sasa anatembea na kunichunguza. Miwa imekwisha kukatwa. Mimi nilikuwa sijapata mkono wa kuandika.

Nilipoisoma barua yako nilitoka nje nikaenda mpaka mtoni. Sikuwa na hasira, usidhani. Nilifika pale ulipoandika "akanishika mimi" nikashindwa kuendelea.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, 1975, nilikuwa juu ya mti unaoinamia mto Mahavavy. Dume kubwa la kinyonga likapanda kwenye kijiti changu, na kijiti kikavunjika. Nikadaka. Mkono haukuuliza. Likanikamata kidole hiki cha shahada, vidole viwili huku na vitatu kule, kama ulivyosema, na sikuwahi kusikia mtu mwingine akiyasema hayo. Likanitazama kwa jicho moja na kuutazama mto kwa lingine. Wenzangu waliniita mara tatu sikuitika. Nilihisi nimeshikwa na mtu ambaye alikuwepo kabla ya watu. Kisha nikalirudisha tawini, nikashuka, nikawaambia limenitoroka.

Miaka ishirini na mbili, Volazara. Kila mwaka nimenyoosha mkono huuhuu juu ya ng'ombe wa maombi, nikasema kwa niaba ya ukoo wote. Kila mwaka nimevuka kizingiti cha bibi yako, na siku alipofariki nikambeba kwa mkono huu. Nikakuandikia wewe habari ya mwiko kana kwamba mimi ni msafi. Kilichoniumiza kuliko hofu ni kwamba lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyapata, na sikuwa na wa kumwambia.

Wewe umesema ndani ya miezi miwili. Nikaona haya mbele ya mtoto niliyemlea.

Nilikwenda kwa wazee. Nikasema langu kwanza, kisha nikasema lako. Mzee Jaovelo akaniuliza, "Mbona umengoja mpaka uletewe ujasiri na barua?" Nimeoshwa Jumatatu kwa maji ya udongo mweupe. Maji yalikuwa baridi, nikakohoa, wakacheka, hapo nikajua wamenisamehe. Lakini usemaji wamenivua. Jaovelo ndiye atakayesema kuanzia sasa, na ni haki. Mama yako hakusema nami siku tatu. Siku ya nne akaniwekea wali mbele, akasema, "Kula, mwongo wewe."

Njoo Novemba. Utaoshwa asubuhi utakayofika, na mama yako atasimama upande wa ndani wa mlango. Kazi ya kukamata nimeiacha. Meya mlete, asione tena msimu wa baridi. Tutamrudisha kwenye miti ya mtoni, kwa kijiti.

Na jambo moja. Aliyeoshwa anaapa, na akishaapa hamgusi tena mpaka anaingia kaburini. Mimi nimeshaapa. Wewe bado. Kabla hujapanda gari, mshike mara moja kwa ajili yangu, kisha uniandikie. Siombi zaidi.

Mjomba wako,
Velonjara


Antsirabe, 26 Oktoba 1997

Kwako Mjomba,

Shikamoo, na ya Mama pia. Lanto mzima. Mama mkwe amenifumia kikapu kipya chenye mfuniko, akasema ni cha mboga, lakini ametoboa matundu ya hewa. Tunaondoka Jumatano. Barua hii nampa dereva wa kesho, ikutangulie.

Jana asubuhi nilimwogesha Meya kwa jua mpaka akawa na rangi zake zote. Daktari Ralaivao alikuja kumuaga, tukampima tena kwa muuza vito: gramu mia moja arobaini na sita. Niliporudi nyumbani nikabaki peke yangu, nikafunga mlango, nikamnyooshea kidole cha shahada.

Hakuja haraka. Alikikagua. Aliweka mguu mmoja, akautoa, akauweka tena, akayumba kidogo mbele na nyuma kama jani. Kisha akapanda wote, na akakaza, na ni mwenye nguvu sasa, Mjomba, kucha zake zinauma. Nikamweka sikioni kama daktari alivyofanya. Nilisikiliza nikingoja kile kimluzi. Nikasikia mbwa wa jirani, na baiskeli, na damu ya sikio langu mwenyewe. Yeye hakusikika kabisa. Ubavu unapanda, ubavu unashuka, na kimya.

Uliniomba nimshike mara moja. Nilimshika mara hiyo moja hadi adhuhuri, nusu ya kwanza yangu, nusu ya pili yako.

Volazara